Bei ya Mlangoni

Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa, Kihesa. Kwa fundi kama mimi, mwaka mzima unabebwa na wiki chache za Desemba na Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa. Novemba 2022 nilipata kazi ya sare za shule moja, jozi 140, na sikuwa na ovaloki. Asiyeshona huenda haijui: ni ile mashine inayofunga kingo za kitambaa kwa ndani zisitoe nyuzi. Sare isiyopigwa ovaloki inafumuka kabla ya muhula kuisha, na mzazi anarudi nayo dukani akiwa ameishika kwa vidole viwili. Nilikuwa nabeba kazi kwenye gunia kupeleka Miyomboni kwa fundi mwenye mashine, nasubiri foleni, narudi usiku. Nikasema mwaka huu nanunua yangu.

Usiku mmoja, watoto wamelala, nikaona ukurasa Instagram unauza mashine za kushonea. Picha za duka lililojaa maboksi, wafuasi zaidi ya 40,000, na maneno yale tunayoyajua wote: tupo Kariakoo, tunatuma mikoa yote, njoo inboksi. Ovaloki kamili na meza na mota, 620,000. Mjini kwetu ilikuwa inakaribia milioni. Nilijua tofauti ile ni kubwa mno. Nilijieleza kwamba Kariakoo kila kitu ni rahisi, na maelezo hayo nilijipa mwenyewe, muuzaji hakuwa ameniambia bado.

Alikuwa na lugha nzuri sana. Aliniita mama, akaniuliza nashona nini, akanishauri nisichukue ya nyuzi tano kwa sababu kwa sare nyuzi tatu zinatosha. Hapo ndipo aliponipata. Nilidhani mtu anayejua kazi yangu hawezi kuwa mwizi. Sasa naona kwamba ushauri ule ungeweza kupatikana kwenye mazungumzo yake na mafundi wengine kumi aliowaibia kabla yangu.

Akasema nilipe nusu, 310,000, mzigo upakiwe. Nilipoingiza namba ya simu kwenye M-Pesa, kabla sijaweka namba ya siri, likatokea jina la mwanamke. Huyu niliyekuwa nachati naye alikuwa mwanaume. Nikamuuliza. Akajibu papo hapo, "Huyo ni mhasibu wetu mama, usiwe na wasiwasi." Nikabonyeza. Jina lile lilikaa kwenye skrini yangu sekunde kadhaa likinisubiri nisome. Nililisoma, nikaona halilingani, nikaendelea. Katika yote yaliyonipata, dakika ile ndiyo inayonirudia.

Kesho yake saa 12 asubuhi akanitumia picha ya risiti ya basi: jina langu, Iringa, mashine 1, na namba ya gari. Akaniomba namba yangu ya NIDA, eti ya kuandikia mzigo, nikampa. Akasema gari linaondoka, nimalizie hela kondakta asije akashusha boksi. Nikatuma 310,000 iliyobaki. Hela hiyo yote ilikuwa mkopo wa kikoba, wa kurejesha kila Jumamosi.

Saa 9 alasiri nilikuwa stendi ya Igumbilo na kijana wa toyo wa kunibebea. Kijana wa mizigo wa kampuni ile ya basi alishika simu yangu, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka jina langu likajaa skrini, akanionyesha. Karatasi yote ilikuwa na mistari ya samawati ya kitabu cha risiti, lakini nyuma ya jina langu mistari haikuwepo; palikuwa peupe. Jina la mtu mwingine lilifutwa, la kwangu likaandikwa juu yake kwenye simu. Namba ya gari ilikuwa ya kweli, ila gari lenyewe linakwenda Tanga. Kijana hakunicheka. Alisema, "Mama, wewe ni wa tatu mwezi huu."

Nikiwa bado nimesimama pale, ujumbe ukaingia: mzigo umeshikwa mizani, unahitajika ushuru wa 45,000 ili uachiwe. Naomba niliseme hili kwa ukweli wake, kwa sababu wengi wanaona aibu kulisema. Nilitaka kutuma. Nilikuwa nimeiona risiti ya uongo kwa macho yangu, na bado moyo ulikuwa unasema labda, labda. Ukishatoa 620,000, 45,000 inaonekana kama kamba ya kuvutia ndoo iliyozama. Mwanafunzi wangu wa ushonaji, binti wa miaka 19, ndiye aliyeninyang'anya simu.

Nilipiga huduma kwa wateja ya mtandao wangu jioni ile. Dada aliyepokea aliniambia hela ikiwa haijatolewa huwa kuna nafasi ya kuizuia, ndiyo maana wenzetu hao hukimbilia kwa wakala mara tu inapoingia. Ya kwangu ilishatoka. Nikaenda polisi nikapewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu, kisha nikaituma namba ya yule tapeli kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli: unaandika neno UTAPELI, unatuma, unaulizwa namba iliyokutapeli, unaituma. Haikunirudishia shilingi. Lakini namba inayoripotiwa inaweza kufungiwa, na kuna mwanamke mahali fulani ambaye hatatuma huko hela yake ya kikoba. Kisha nikapiga *106# kuangalia ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, kwa sababu nilikuwa nimempa mwizi kitambulisho changu kwa mkono wangu. Zilikuwa zangu mbili tu. Mpaka leo napiga *106# kila baada ya miezi kadhaa.

Hasira ikanifanya niandike mtandaoni yaliyonipata. Siku mbili baadaye akanipigia mwanaume mwenye sauti ya ofisini, akijitambulisha kuwa anatoka kitengo cha kufuatilia wizi wa mtandao. Alijua kiasi nilichoibiwa. Alijua tarehe. Nililia kwenye simu kwa shukrani. Akasema fedha zangu zimeonekana, zimezuiwa, nilipe 30,000 ya kufungua jalada kisha nimsomee namba itakayokuja kwa meseji. Kila alichokijua kilikuwa kwenye yale niliyoyaandika mwenyewe. Nilikata simu kwa sababu alisema "namba itakayokuja", na binti yule yule alikuwa ameniambia kwamba namba inayoingia kwa meseji ni ufunguo, haisomwi kwa mtu yeyote, hata akijiita nani. Aliyewahi kutapeliwa ajue kwamba jina lake linakuwa la moto kwa wiki kadhaa. Wanaokuja kukusaidia kurudisha hela kwa malipo ni wale wale au ndugu zao.

Sare nilizimaliza. Kila usiku kwa wiki tatu nilikuwa Miyomboni na magunia yangu, na kikoba nikakilipa mpaka Aprili.

Julai 2023 nilijaribu tena, safari hii kupitia wakala wa mizigo ya China ambaye mwenzangu alimtumia mara nyingi. Huyu hakuwa tapeli. Mashine ilifika na inafanya kazi mpaka leo. Niko nayo hapa. Lakini alinifunza kitu ambacho tapeli hakunifunza, na kwa kweli kilinichukua muda mrefu zaidi kukielewa.

Tangazo lilisema ovaloki 470,000. Nikaweka oda. Baada ya siku nne nikaambiwa kuna usafiri wa ndani ya China, kutoka kiwandani mpaka godauni la Guangzhou, 22,000. Ikaja kamisheni ya wakala, asilimia 7, elfu 33 kwa kukadiria. Nikashauriwa mashine ifungwe kwenye kreti ya mbao isije ikavunjika melini, 40,000. Nikakubali, nani atakataa? Meli ilikuwa dola 400 kwa CBM moja, yaani mita moja ya ujazo, na mzigo wangu ulikadiriwa 0.24. Nilipiga hesabu nikaona ninaweza.

Bili ya meli ilipokuja ilisema 0.31. Nikajua nimeibiwa tena. Mzigo ulipofika dukani nilichukua tepu yangu ya kushonea nikapiga magoti nikaipima ile kreti kabla sijaifungua: sentimita 75 kwa 62 kwa 55. Zidisha zote tatu, gawa kwa milioni moja, unapata 0.256. Ubao wa meza ulikuja peke yake, 120 kwa 55 kwa 8, ambayo ni 0.053. Jumla 0.309. Wakala alikuwa amepima sawasawa. Mbao zilizolinda mashine zilikuwa zimeongeza ujazo, na ujazo ndio unaolipiwa. Nililipia kreti mara mbili, mara moja kwa seremala wa Guangzhou na mara ya pili kwa meli. Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyeniambia pia, kwa sababu sikuuliza, "Nikifungiwa mbao, CBM itakuwa ngapi?"

Halafu dola. Mwaka ule dola ilikuwa adimu na kila mtu alikuwa na bei yake. Wakala alihesabu kwa 2,600, juu ya ile niliyoiona benki. Meli peke yake ikawa 322,400. Siku 45 nilizoahidiwa zikawa 71. Tangazo la kufika kwa kontena liliwekwa usiku kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mamia, likapotea chini ya salamu na maombi ya bei, na mimi nikaliona likiwa limeshapita siku nyingi. Siku saba za kwanza kwenye godauni la huku Tanzania zilikuwa bure. Baada ya hapo 3,000 kwa siku. Nilipitiliza siku tisa, 27,000. Kirikuu kutoka godauni mpaka kituo cha basi, 15,000. Basi mpaka Iringa, 35,000. Toyo kutoka Igumbilo mpaka Kihesa, 5,000.

Jumlisha na wewe. Mashine ya 470,000 iliniingia mlangoni kwa 969,400. Duka la mjini, mita chache kutoka benki ninayopitia kila siku, walikuwa wanaiuza ya aina hiyo hiyo kwa 980,000, unaijaribu hapo hapo, na fundi wao anakuja kuifunga. Niliokoa shilingi 10,600 kwa miezi miwili na nusu ya kusubiri, na ingeharibika ningeirudisha wapi?

Sisemi watu wasiagize China. Mwenye kuagiza mashine kumi anagawa baadhi ya gharama zile kwa kumi, na vitu vidogo vizito kama zipu, vifungo na sindano vinalipa sana kwa meli kwa sababu havili ujazo. Kwa ndege ni hesabu nyingine tena: unalipa kwa kilo, lakini boksi likiwa kubwa na jepesi wanazidisha urefu, upana na kimo, wengi wanagawa kwa 6,000, na kilo inayotoka hapo ndiyo unayolipa. Boksi la pamba la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 linahesabiwa kilo 20 hata kama mzani unasoma 6. Na ukiagiza mwenyewe moja kwa moja bila kundi la wakala, ujue forodha hawaangalii bei ya kitu peke yake. Ushuru unapigwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ambayo tayari ina ushuru ndani yake. Mteja wangu mmoja aliagiza gauni la send-off kwa njia hiyo, akaja kwangu machozi yanamlenga, gauni liko Dar es Salaam na kodi yake hana. Tulimshonea lingine kwa siku nne.

Tangu hapo nimekuwa na swali moja ninalomwandikia kila muuzaji kabla ya yote, hata awe mtu ninayemfahamu: "Naomba bei mpaka mlangoni kwangu Kihesa, Iringa, ukiwa umeweka kila kitu." Naliandika kwa meseji, sipigi simu, ili jibu libaki. Nimeshangaa swali hili linavyochuja. Muuzaji wa kweli anajibu, wakati mwingine kwa kuchelewa, anaandika mashine kiasi fulani, basi kiasi fulani, kutoka stendi utajitegemea. Mwenye nia nyingine analirudisha swali: kwani wewe bajeti yako ngapi? Au anasema lipia kwanza hayo mengine madogo.

Mengine ninayofanya nimeyaokota njiani. Kwenye Instagram nabonyeza vile vinukta vitatu na kufungua sehemu ya kuhusu akaunti hiyo; inaonyesha ilifunguliwa lini, iko nchi gani, na imebadilisha jina mara ngapi. Ukurasa ulioniibia, nilipoufungua baadaye kwa simu ya mwanafunzi wangu maana mimi nilikuwa nimeblokiwa, ulikuwa umebadilisha jina mara sita. Wafuasi wale 40,000 walikuwa wa kitu kingine kabisa, ukurasa uliuzwa pamoja nao. Kwa kitu cha bei kubwa naomba vidio fupi, kitu kikiwa kimewashwa na pembeni karatasi iliyoandikwa jina langu na tarehe ya leo kwa kalamu. Picha ya duka mtu anaichukua popote. Karatasi yenye jina langu hana mwingine. Nalipa kwa lipa namba yenye jina la biashara, na jina likitokea tofauti naacha, hata awe mhasibu, mke au shemeji. Nina mdogo wangu Mbagala. Kwa chochote kinachozidi laki tatu anapanda daladala mpaka Kariakoo, ananipigia kwa vidio akiwa mbele ya kaunta, analipa yeye na kuondoka na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nauli yake na soda ni sehemu ya bei ya mlangoni.

Lakini niseme na upande wa pili, kwa sababu na mimi nauza. Naweka magauni yangu WhatsApp, na wateja wa Mafinga na Makambako wananiagiza. Wapo walioniambia tuma nitalipa nikipokea, nikatuma, gauni likakaa ofisi ya basi wiki mbili likarudi, nauli ya kwenda na kurudi juu yangu. Kwa hiyo muuzaji anayeomba kitu mbele si lazima awe mwizi; naye anaogopa. Nilichoamua ni kwamba mteja analipa nauli ya mzigo kwanza, gauni analipia mzigo ukishafika na yeye akishaliona. Ninachoweza kupoteza mimi ni gauni la kushonwa tena, anachoweza kupoteza yeye ni nauli. Tangu nimeanza hivyo ni mmoja tu aliyeniacha na mzigo. Na nimeacha kuandika "bei inboksi". Naandika bei kwenye picha, chini yake naweka nauli ya kila mji.

Desemba iliyopita alikuja kijana wa Ilula anayeanza ushonaji, simu mkononi, ananionyesha ovaloki ya 580,000. Hela alikuwa nayo tayari kwenye simu, na muuzaji alikuwa amemwambia zimebaki mbili. Sikumwambia asinunue. Nilimpa kiti, tukafungua ile sehemu ya kuhusu akaunti. Ilikuwa na miezi minne na majina matatu. Akaniangalia. Nikamwambia amwandikie muuzaji WhatsApp, akaandika mwenyewe kwa adabu: "Shikamoo bosi, naomba bei mpaka mlangoni Ilula, na vidio ya mashine ikiwa na karatasi yenye jina langu."

Tiki zikawa za bluu mara moja. Yule jamaa akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Tulikaa tunaangalia skrini mpaka nikafunga duka saa 1 jioni. Asubuhi yake kijana alirudi na gunia la sketi mgongoni, akaniuliza ovaloki naipiga shilingi ngapi kwa nguo.